Riwaya Yako ya Kwanza Ikiwa Njiani: Mwongozo wa Miezi Sita ya Mwisho

Umesaini mkataba, umepiga picha, umeiweka status, watu wamekupa hongera. Kisha kimya. Mchapishaji anasema kitabu "kiko jikoni", mama anauliza kila Ijumaa kama kimetoka, na wewe huna jibu. Mimi niliahidiwa miezi minne, ikawa saba, na miwili ya kwanza niliipoteza nikingoja simu. Sikujua kwamba hiyo ndiyo miezi pekee ambayo kitabu bado kinarekebishika. Kikishapigwa chapa, kosa la ukurasa wa 40 ni lako mpaka nakala ya mwisho iuzike.

Kungoja hakukuanza na sisi. Mswada wa "Mzimu wa Watu wa Kale" wa Muhammed Said Abdulla ulishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, na kitabu kikatoka 1960. Kwa hiyo tulia, chukua daftari, tuanze kazi. Mimi niko Dar es Salaam, na ofisi nyingi ninazozitaja ni za huku.

1. Soma mkataba tena, safari hii na kikokotoo

Siku ya kusaini ulikuwa na furaha, na mwenye furaha hasomi vifungu. Visome sasa. Tafuta neno mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, halafu uangalie asilimia yako inapigwa juu ya nini. Tuseme bei ya dukani ni shilingi 20,000 na mrabaha ni asilimia 10. Ikipigwa juu ya bei ya dukani, unapata 2,000 kwa nakala. Ikipigwa juu ya fedha inayomfikia mchapishaji, na duka limeshachukua asilimia 40 yake, mchapishaji amepokea 12,000 na wewe unaambulia 1,200. Kwa nakala 500, huyu ana milioni moja na yule ana laki sita, na wote wawili mikataba yao imeandikwa "asilimia 10". Kama hujasaini, jadiliana. Kama umesaini, angalau usimwahidi fundi wa bati hela ambayo haipo.

Angalia pia: utapewa nakala ngapi za bure, ukinunua zaidi unapata punguzo gani, taarifa ya mauzo inakuja mara ngapi kwa mwaka, na kitabu kikiisha sokoni bila kupigwa chapa tena haki zinakurudia lini. Haki za kitabu cha sauti, tafsiri na filamu ziandikwe moja moja. Mrabaha hukatwa kodi ya zuio kabla haujakufikia; omba hati yake, utaihitaji.

Hakimiliki yenyewe ni yako tangu ulipoiandika kazi. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, au COSOZA kwa walio Zanzibar na KECOBO kwa walio Kenya, kunakupa ushahidi siku mtu akikuibia. Nenda kasajili, usiache mpaka uibiwe.

2. Angalia tuzo kabla mswada haujawa kitabu

Hapa watu hujifungia mlango wenyewe. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada na pia vitabu vilivyotoka karibuni. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huo, kisha zungumza na mchapishaji wako. Usipeleke kimyakimya ukiwa na mkataba mfukoni.

3. Kumjibu mhariri

Mswada utarudi umejaa wino mwekundu au, siku hizi, maoni pembeni mwa ukurasa. Siku ya kwanza usijibu kitu. Soma yote, funga kompyuta, nenda ukale. Siku ya pili gawa maoni mafungu matatu: anayosema kweli, anayosema kweli lakini dawa yake siyo, na asiyokuelewa. Fungu la pili ndilo kubwa kuliko yote. Mhariri akiandika "hapa nimechoka", basi amechoka kweli. Ila akipendekeza ufute mazungumzo yote, huenda kilichochosha ni aya mbili zilizotangulia.

Mgogoro wetu mkubwa ulikuwa juu ya neno moja. Bibi mmoja wa Tanga katika riwaya yangu anamwambia mjukuu, "Hebu niache miye." Mhariri akasahihisha "mimi". Nikarudisha "miye". Akarudisha "mimi", akaniandikia kwamba kamusi inasema hivyo. Tukapigiana simu na kukubaliana kanuni ambayo nakushauri uiombe mapema: msimulizi anatumia Kiswahili sanifu, wahusika wanasema kama watu wa kwao wanavyosema, na yeyote anayetaka kubadilisha neno ndani ya alama za kunukuu lazima aulize kwanza. Kanuni hiyo iandikwe, maana baada ya mhariri atakuja msoma prufu, mkaguzi wa makosa, ambaye hajui mlichokubaliana.

Pamoja na kanuni hiyo andika karatasi moja ya maamuzi: mswada au muswada, shehe au sheikh, namba kwa tarakimu au kwa maneno, majina ya wahusika wote na umri wao, nani ana kovu na liko mkono gani. Yangu ilinionyesha kwamba mjomba mmoja alikuwa Hamisi mpaka sura ya sita, kisha akawa Hamis. Pia nilimpandisha mtu daladala mahali ambapo daladala hiyo haifiki. Hili hakuna kamusi itakayokuambia. Mpe msomaji mmoja anayeishi mtaa ule.

4. Prufu

Hatua hii ndiyo iliyonila, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Prufu ni kurasa zilizokwisha kupangwa kama zitakavyokuwa kitabuni. Mchapishaji atakutumia kwa simu, faili la PDF. Usilisome kwenye simu. Nenda stationari, toa kopi, baindi kwa ringi, nunua kalamu nyekundu na rula. Rula unaiweka chini ya mstari unaousoma ili jicho lisikimbilie mstari wa chini. Soma kwa sauti. Ulimi utajikwaa penye kosa hata kama jicho limepita.

Soma mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja. Ya kwanza ni ya maana: sentensi iliyokatika, aya iliyorudiwa, sura iliyoruka. Ya pili ni ya majina, tarehe na namba tu. Ya tatu ni ya sura ya ukurasa, na hapa Kiswahili kina maradhi yake. Programu nyingi za kupanga kurasa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, ki-ta-bu, lakini wewe utakutana na "kit-abu" na "nyumb-ani". Utamkuta ng'ombe ambaye kistari chake cha juu kimegeukia upande usio wake. Na kama sehemu ya mswada uliiandika kwenye simu, tafuta maneno ambayo simu ilijifanya inakusaidia: kwangu "kama" lilikuwa limegeuka "karma" mahali pawili, na "tume ya uchunguzi" ikawa "time ya uchunguzi". Msahihishaji wa kompyuta hawezi kuliona hilo, kwake ni neno halali.

Usiandike upya. Kishawishi ni kikubwa, najua. Ukiona sentensi yako kwenye kurasa safi unaiona ilivyo chakavu. Lakini ukiongeza aya moja kwenye ukurasa wa 30, mistari yote mpaka mwisho wa sura inasogea, na kinachosogea kinazaa makosa mapya. Baadhi ya mikataba inamtoza mwandishi gharama za mabadiliko ya namna hiyo. Ukilazimika kubadilisha, toa maneno mengi sawa na uliyoingiza, ili mstari ubaki na urefu wake.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia. Mpiga chapa hapigi ukurasa mmoja mmoja. Anapiga karatasi kubwa ambayo ikikunjwa inatoa kurasa 16, kisha mafungu hayo yanapangwa na kugundishwa. Kwa hiyo idadi ya kurasa huwa inapandishwa mpaka igawanyike kwa 16, au walau kwa 8. Kitabu changu kilipangwa kikafika kurasa 259. Mchapishaji akanipa mambo mawili nichague: twende mpaka 272 na gharama zake, au nipunguze kurasa tatu tupate 256. Nilipunguza. Shukrani zangu zilikuwa za kurasa tatu na nusu, nimemtaja mpaka mwalimu wa darasa la nne. Zikabaki nusu ukurasa. Andika shukrani fupi tangu mwanzo, na zisomwe na mtu anayeijua familia yako, atakukumbusha uliyemsahau.

5. Jalada

Kama msanifu amekuletea mbuyu na jua linalozama, na riwaya yako inatokea Sinza, mjini Dar, kataa kwa adabu.

Jalada litazame likiwa dogo kama ukucha, kwa sababu wengi wataliona kwenye WhatsApp kabla hawajalishika. Jina la kitabu linasomeka? Kisha litoe kopi ya rangi ulione kwenye karatasi. Bluu inayong'aa kwenye skrini hupoa ikiwa wino, na rangi za giza huzidi giza. Usisahau uti wa kitabu. Dukani kitasimama ubavu, mteja anaona uti tu.

Maneno ya jalada la nyuma yaandike wewe mwenyewe kwanza, hata kama mchapishaji ana mtu wake. Maneno 120 yanatosha: nani, yuko wapi, kimempata nini, anatafuta nini. Ishia hapo. Usimwambie msomaji kwamba kitabu "kinasisimua"; aone mwenyewe. Chagua pia jina lako litakavyoandikwa, na liwe hilohilo jaladani, kwenye kurasa za mtandao na kwenye kadi za uzinduzi.

6. Namba na maktaba

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo Maktaba Kuu yake iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Mchapishaji ndiye anayeiomba; anayejichapishia anaiomba mwenyewe. Ni tarakimu 13, na vitabu vingi vya Tanzania utaviona vimeanza na 978-9976 au 978-9987. Kitabu cha karatasi kina namba yake na cha kielektroniki kina yake. Linganisha ile ya ndani na ile ya chini ya mistari myeusi ya kuskani kwenye jalada la nyuma, tarakimu kwa tarakimu. Ulizia pia nakala za kisheria zinazopaswa kupelekwa maktaba, na nani kati yenu atazipeleka.

7. Ongea na watu ambao watajiona kitabuni

Utasema wahusika wako ni wa kubuni. Nyumbani hakuna atakayekuamini.

Kaa ujiulize nani atajiona. Wengi watajiona mahali ambapo hawapo, hao huwezi kuwasaidia. Lakini kuna mmoja au wawili ambao kweli umewachota: msemo wao, kofia yao, namna wanavyovuta kiti. Waendee kabla kitabu hakijatoka. Usiwatumie ujumbe, nenda.

Mimi nilikwenda kwa Baba Mdogo. Katika riwaya kuna mzee mlevi anayeimba usiku akirudi nyumbani, na wimbo ule, pamoja na kule kusimama mlangoni akigonga huku anacheka, ni wake. Nilimkuta uani anarekebisha redio. Nikamwamkia, nikazunguka weee, mwishowe nikasema. Akaiweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo umeniandika."

"Nimeandika mtu anayeimba kama wewe, Baba."

"Na anakunywa?"

"Anakunywa."

Akanyamaza, akaokota bisibisi. "Mwishoni anakufa?"

"Hafi."

"Basi nitakisoma." Tangu siku hiyo akawa anauliza kitabu kuliko mama.

Wangu alikubali, wako huenda asikubali. Akikukatalia, bado una nafasi ya kubadilisha kofia na wimbo, kama prufu haijafungwa. Ndiyo maana unakwenda mapema.

8. Kuuza kabla hakijafika

Usipokee hela ya mtu kabla mpiga chapa hajakupa tarehe, na hata akikupa, ongeza mwezi. Mimi nilipokea malipo ya watu 63 mwezi Machi. Kitabu kikatoka Julai. Miezi minne nilikuwa nakwepa simu kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, na wengi wa wanaonipigia walikuwa marafiki.

Kinachofanya kazi ni daftari. Andika majina ya wanaosema "nitanunua", namba zao na walipo, bila hela. Vitabu vikifika unawapigia mmoja mmoja. Ukianza kupokea, tumia namba moja ya malipo isiyochanganyika na hela ya mboga, na andika kila muamala jioni ileile. Wa mikoani utawatumia kwa basi: funga kitabu kwenye nailoni kisha bahasha ngumu, andika jina na simu ya mpokeaji pande zote mbili, peleka ofisi ya vifurushi kituo cha Magufuli, Mbezi, chukua risiti, ipige picha na umtumie mpokeaji. Nauli ya kifurushi iingize kwenye bei mapema, usije ukajikuta unamlipa mtu asome kitabu chako.

PDF usimpe mtu. Akiomba mwandishi wa gazeti au mwalimu anayetaka kuandika uhakiki, mpe ile kopi ya stationari yenye jina lake juu ya kila ukurasa. Nimeona kitabu cha mwenzangu kikizunguka kwenye magrupu wiki mbili kabla hakijafika dukani, na aliyekisambaza alidhani anamsaidia.

Halafu kuna ndugu. Mtu aliyechanga 100,000 kwenye harusi ya mtoto wa jirani atakuuliza, "Nakala yangu iko wapi?" Mjibu ukitabasamu: "Ipo, nimekuwekea. Elfu ishirini tu." Wengi wanacheka na kulipa. Wasiolipa hawakuwa wasomaji. Tenga nakala chache za zawadi, andika majina yao sasa hivi, na usiongeze hata moja.

9. Uzinduzi

Kama bajeti haipo, acha. Jioni moja ya kusoma mbele ya watu 30 kwenye duka la vitabu au maktaba ya chuo itakuuzia zaidi kuliko ukumbi uliopambwa vitambaa. Ukifanya, tarehe itangazwe baada ya vitabu kuwa mkononi. Weka siku chache baada ya mshahara, epuka jioni za Ramadhani. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Inavutia, ila siku hiyo kila mtu wa lugha ana mwaliko mahali pengine.

Mgeni rasmi achaguliwe kati ya watu watakaosoma kitabu. Mpelekee wiki tatu kabla. Wewe soma kipande cha dakika saba, chenye mazungumzo, kilichomo kwenye kurasa 50 za mwanzo, na kipime kwa saa ukisoma kwa sauti nyumbani. Dakika saba ni fupi kuliko unavyodhani, na watazamaji wanashukuru.

Kazi nyingine ya miezi hii ni kuanza kuandika kitu kipya, hata ukurasa mmoja kwa siku. Nilianza nikiwa nimechelewa, mwezi wa sita, na ndipo nilipoacha kuangalia simu kila dakika tano.

10. Masanduku yakifika

Siku hiyo utataka kulia, na utataka kupiga picha. Fungua masanduku kwanza. Toa nakala kumi, kila moja kutoka sanduku tofauti na kutoka katikati ya sanduku, si juu. Ikunjue kila nakala uone kama gundi inashika. Harufu ya wino usiihesabu. Pitia namba za kurasa kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukurasa kwa ukurasa, ukikumbuka yale mafungu ya 16.

Kati ya kumi zangu, tatu zilikuwa na kurasa za 97 mpaka 112 mara mbili, kisha zikarukia 129. Fungu moja lilikuwa limeingia mara mbili na jirani yake kuachwa nje. Nilimpigia mchapishaji kabla sijampigia mama. Tulikaa siku mbili na vijana wawili tukikagua nakala 500, tukatoa zilizoharibika, na mpiga chapa akazibadilisha bila maneno mengi kwa sababu hatukuwa tumemkabidhi mtu hata moja. Andika mapema kwenye hati ya kupokelea mzigo kwamba mnapokea "kwa ukaguzi", na kubalianeni siku za kurudisha.

Moja ilitupita. Wiki mbili baadaye Baba Mdogo akanipigia, sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Nimesoma kitabu chote," akasema. "Yule mlevi yuko wapi?"

"Baba, hebu niangalizie. Baada ya ukurasa wa 112 unafuata wa ngapi?"

Nikasikia karatasi zinafunuliwa, taratibu.

"Tisini na saba," akasema.